Namba Zinazosukumana: Mchezo Gani Una Akili Zaidi?

Ndugu msomaji, uwe unakaa hapa Rubaya, au Ngungu, au hata kule mbali Walikale kwenye njia ya kwenda Bisie, nadhani umekwisha kuwaona. Ni jioni. Vijana wameteremka kutoka machimbo, miguu ingali na udongo, wamekaa juu ya benchi mbele ya nyumba ya kuchajisha telefone. Kila mmoja ameinamisha kichwa. Kidole gumba kinakwenda kushoto, kulia, chini, tena kushoto. Hawasemi neno. Ukichungulia juu ya bega unaona vibao vidogo vyenye namba: 2, 4, 8, 16, 64.

Mama mmoja wa kanisa aliniuliza, "Pasta, ile nayo si pari? Mtoto wangu hatamaliza pesa humo?"

Jibu ni hapana, mama. Ile si pari. Hakuna franka inayoingia wala inayotoka. Lakini swali lake si la bure, maana wote tunajua pari imefanya nini katika nyumba zetu. Kijana analipwa asubuhi kwa kilo alizotoa, anapita mahali pa kubashiri mipira ya Ulaya, na jioni anarudi nyumbani mikono mitupu, hata sabuni hakununua. Telefone ile ile inayobeba pari ndiyo inabeba pia michezo ya namba. Kwa hiyo ni vema mzazi ajue kutofautisha, na ni vema kijana ajue kuchagua. Kuna michezo ya kupitisha muda tu, na kuna michezo inayonoa kichwa kama jiwe linavyonoa panga.

Tena vijana wenyewe wanabishana. Mmoja anasema 2048 ndiye mfalme. Mwingine anasema hapana, mzee wao ni Threes. Wanafunzi wa sekondari wanacheka, eti yote hiyo ni ya watoto, wenye akili wanacheza Sudoku. Basi nimekaa nao, nimeicheza yote, usiku mwingine mpaka mke wangu akazima taa. Haya ndiyo niliyoyaona.

KIBAO KINAKIMBIA MPAKA UKUTANI

Tuanze na 2048, kwa sababu ndio unaojulikana zaidi. Uwanja wake ni mraba wenye vyumba 16, yaani vinne kwa vinne. Mwanzoni kuna vibao viwili tu. Ukisukuma kwa kidole upande wa kushoto, vibao vyote vinakimbia kushoto mpaka vigonge ukuta au vigonge kibao kingine. Vibao viwili vyenye namba moja vikigongana, vinaungana: 2 na 2 vinakuwa 4, 4 na 4 vinakuwa 8, na kuendelea. Kila ukisukuma, telefone inaweka kibao kipya mahali palipo wazi. Mara 9 katika 10 kinakuwa 2, mara moja kinakuwa 4. Uwanja ukijaa na hakuna viwili vya kuungana, umekwisha.

Lengo ni kufikia kibao cha 2048. Hebu tupige hesabu. Namba zinakwenda 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, 1024, 2048. Unaona ni hatua 10 tu kutoka 2. Mtu akiangalia hivi anasema ni karibu. Lakini ile 2048 moja ndani yake mna 2 zipatazo 1024! Kwa kuwa kila msukumo unaleta 2, au 4 mara chache, utasukuma zaidi ya mara 900 kabla ya kuiona. Hata mwenye kidole chepesi atahitaji subira. Nilimpa hesabu hii kijana mmoja ambaye aliacha masomo katika mwaka wa tano. Alishika biki akaiandika yote mwenyewe nyuma ya karatasi ya sukari, kisha akaniambia, "Kumbe ndiyo maana ya kuzidisha mara mbili." Sikumfundisha mimi. Mchezo ndio ulimpa hamu ya kujua.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Katika msukumo mmoja kibao kinaungana mara moja tu. Ukiwa na 2, 2 na 4 katika mstari, ukasukuma kushoto, hupati 8. Unapata 4 na 4, halafu lazima usukume tena. Mtu anayelijua hili anaona hatua mbili mbele. Asiyelijua anashangaa kila siku kwa nini telefone "inamdanganya".

MZEE WAO ANATEMBEA HATUA MOJA

Threes uko tofauti kidogo, lakini kidogo hicho ni kikubwa. Uwanja ni ule ule wa vyumba 16, na mwanzoni tayari kuna vibao 9. Hapa vibao havikimbii mpaka ukutani. Vinasogea chumba kimoja tu kila msukumo. Tena haviungani hivi hivi. Kibao cha 1 ni cha buluu na hakitaki 1 mwenzake, kinataka 2, ambacho ni chekundu. Hao wawili wakikutana wanakuwa 3. Kutoka hapo ndipo wanaofanana wanaungana: 3 na 3 ni 6, halafu 12, 24, 48, 96, 192, 384, 768 na kuendelea.

Na kuna zawadi moja: juu ya uwanja telefone inakuonyesha kibao kinachofuata ni cha namna gani. Kitaingia kutoka upande ule uliosukuma ukitoka. Kwa hiyo unaweza kukiandalia mahali, kama mama anavyomwandalia mgeni kitanda kabla hajafika. Katika 2048 mgeni anaingia popote, hakubishi hodi.

Hesabu ya alama nayo ina akili. Kibao cha 3 kinakupa alama 3, cha 6 alama 9, cha 12 alama 27, cha 24 alama 81. Kila kibao kikikua mara mbili, alama zinakua mara tatu. Maana yake kibao kimoja kikubwa kina faida kuliko vidogo vingi. Mtu anayenunua na kuuza ataelewa upesi.

Kati ya hao wawili kuna 1024. Ni kama 2048, ila lengo ni nusu. Anayeujua mmoja hatapata jipya kwa mwingine. Tuuache hapo.

NANI ALICHIMBA SHIMO?

Sasa ngoja niwaambie hadithi ya michezo hii, maana sisi watu wa machimbo tutaielewa kuliko wengine.

Threes ulitoka tarehe 6 Februari 2014. Waliuunda Wamarekani: Asher Vollmer alipanga sheria zake, Greg Wohlwend akauchora, na Jimmy Hinson akauwekea muziki. Kazi ile iliwachukua muda wa miezi 14 hivi. Walijaribu hiki, wakatupa, wakajaribu kile, wakatupa, mpaka mchezo ukabaki mdogo na safi. Ulikuwa wa kulipia. Mwezi ule ule kampuni ya Kichina iitwayo Veewo Studio ikatoa 1024. Halafu tarehe 9 Machi, kijana Mwitaliano wa miaka 19, Gabriele Cirulli, akatoa 2048, ambao aliutengeneza katika wikendi moja. Kabla juma halijaisha, watu milioni kadhaa walikuwa wameucheza.

Miezi 14 kwa wikendi moja! Wewe mchimbaji, unajua hali hii. Mtu anachimba shimo, anatoa udongo mtupu mwezi baada ya mwezi, anaweka miti ya kuzuia ukuta, anakula kwa deni. Siku anapofikia mshipa, jirani anakuja na mfuko wake kutoka upande mwingine. Wale wa Threes waliumia. Mwishoni mwa Machi 2014 walitoa barua ndefu pamoja na maandishi waliyokuwa wakitumiana wakati wa kazi, ili watu waone njia iliyopitiwa. Na hawakulia tu juu ya pesa. Walisema pia kwamba ile michezo mingine imeharibu kitu kilichokuwa na kina.

Upande wa pili, lazima niseme haki ya yule kijana Mwitaliano. Aliuweka mchezo wake bure kwa wote, hata maandishi ya ndani ya programu aliyaacha wazi, mtu yeyote aweze kuyachukua na kujifunza kwayo. Alisema wazi kwamba wazo la kwanza si lake, na kwa sababu hiyo hakutaka kujitajirisha nalo hapo mwanzo. Waliochukua faida walikuwa wengine. Kampuni ya Ketchapp ya Ufaransa, kwa mfano, iliuingiza katika telefone pamoja na matangazo ya biashara, na ukapakuliwa sana. Kwa hiyo tusimrushie kijana mawe. Lakini nikiulizwa nani alichimba shimo, nitasema ni wale watatu. Mwisho wa mwaka 2014 kampuni ya Apple iliutangaza Threes kuwa mchezo bora wa mwaka katika simu zake, na mimi naona walistahili.

Halafu kuna shimo lingine ambalo halitajwi. Ndani ya telefone hizo kuna vifaa vidogo sana, vingine havifiki ukubwa wa punje ya mchele, vinavyoshika umeme na kuutoa kwa kipimo. Vinaitwa kondensateri, na vingi vilivyo bora vinatengenezwa kwa tantali, madini yanayotoka katika koltani. Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia imekuwa ikitoka katika milima hii ya Rubaya, kwa mikono, kwa chepeo na kwa maji ya kuoshea. Yule kijana wa Italia, na wale Wamarekani, na mtoto anayecheza ndani ya treni kule Japani, inawezekana wameshika kitu kilichopita kwenye karai ya mtu unayemjua. Mimi nawaambia vijana: basi mwe na haki ya kucheza vizuri!

KINA KIKO WAPI?

Turudi kwenye swali. Furaha ni jambo moja, kina ni jambo lingine.

Kwa furaha ya haraka, 2048 unashinda. Mtu ambaye hajawahi kucheza ataelewa kwa dakika moja. Vibao vinakimbia, vinagongana, namba inakua, moyo unafurahi. Lakini una dawa yake, na ukiijua dawa mchezo unapungua utamu. Dawa ni hii: chagua pembe moja, tuseme ya chini kushoto, uweke humo kibao chako kikubwa, na usikiondoe kamwe. Sukuma chini na kushoto tu, na kulia pale ambapo mstari wa chini umejaa. Juu usisukume, isipokuwa umebanwa kabisa. Vibao vitajipanga kama ngazi: 512, 256, 128, 64, na siku vinapokutana vinaporomoka vyote kimoja ndani ya kingine. Ni raha kubwa kuona. Lakini baada ya kuijua njia hii, kidole kinacheza peke yake na kichwa kinalala. Nimemwona kijana akicheza 2048 huku akisimulia habari za mpira bila kukosea.

Katika Threes huwezi kufanya hivyo. Kwa kuwa vibao vinasogea chumba kimoja, na 1 anamtafuta 2, pembe peke yake haikuokoi. 1 wawili au watatu wakikaa mbali na 2 wao, uwanja unakubana upesi. Kila msukumo unakuuliza swali jipya: nikisogeza mstari huu, ule mwingine utakuwaje? Nikimweka huyu hapa, mgeni wa buluu ataingilia wapi? Wengi wanaocheza Threes wanakasirika juma la kwanza. Juma la tatu hawataki tena mwingine.

Sudoku si ndugu wa hawa, ni jirani tu. Hapa hakuna bahati hata kidogo. Kuna vyumba 81, namba 1 mpaka 9, na kila mstari, kila safu, na kila mraba mdogo wa 9 lazima uwe na namba zote bila kurudia. Ulianzia Marekani mwaka 1979 kwa mchoraji wa majengo mzee, Howard Garns, ukapata jina lake kule Japani katika miaka ya 1980, na mwisho wa 2004 ukaingia katika gazeti la The Times la London, kutoka hapo ukaenea dunia yote. Mwaka 2012 wataalamu wa Dublin walionyesha kwa kompyuta kwamba lazima upewe namba zisizopungua 17 mwanzoni ili jibu liwe moja tu. Kitu kimoja cha ajabu: Sudoku hauhitaji kupiga hesabu yoyote. Ungeweza kutumia majina ya miti 9 badala ya namba. Ni mchezo wa kusema "hapa haiwezekani, kwa hiyo ni pale". Wenye kuwa na mabishano nyumbani wangeufaidi sana.

Lakini wazee wangu wa chini ya mti wasije wakadhani nimewasahau. Huku kwetu, kabla ya telefone, kulikuwa na igisoro, na uko mpaka leo. Uganda wanauita omweso, watu wa pwani wana bao lao, kila mmoja kwa sheria zake. Mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane, na mbegu 64. Angalia, 64 ni mbili iliyozidishwa mara mbili mara tano, namba ile ile inayokaa juu ya vibao vya telefone! Mzee anaanza na mbegu zake 32, anachota, anapanda moja moja, anamkamata mwenzake, anapanda tena alichokamata. Hakuna bahati, hakuna mgeni asiyebisha hodi, kila mbegu iko mbele ya macho ya wote wawili. Na bado huwezi kuona mwisho wake. Kwa kina, sioni mchezo wa telefone katika hii yote unaoupita. Tena igisoro una mtu mbele yako, anayecheka, anayekutania, anayekupa habari za kijiji. Telefone haina hayo.

Kwa hiyo nikipanga, nasema hivi. Mtoto wa mwaka wa tatu anayeogopa hesabu, mpe 2048, atajua kuzidisha mara mbili bila kulia. Kijana mwenye subira, mpe Threes. Mwanafunzi anayejitayarisha kwa mtihani wa serikali, Sudoku, tena wa karatasi, usiku atalala vizuri zaidi. Na yule anayesema amewashinda wote, mpeleke kwa mzee wa igisoro, atarudi mpole.

MAMBO YA KUANGALIA

Michezo hii haihitaji mtandao. Ukiisha kuipakua mara moja, zima mega kabisa halafu cheza. Utaokoa inite, na utaokoa pia umeme wa betri, ambao hapa kwetu tunaulipia. Lakini sababu yangu kubwa si inite. Michezo ya bure inakula kwa matangazo. Mtoto anacheza namba zake kwa amani, mara linatokea tangazo limejaa pesa na mpira, "bonyeza hapa ushinde". Akibonyeza, ameingia katika pari. Mlango wa nyumba nzuri unafunguka ndani ya nyumba mbaya. Mega zikizimwa, matangazo mengi yanakosa njia ya kufika.

Jambo lingine: usichezee kwenye mdomo wa shimo wala njiani unapobeba mfuko. Nimeona, na sikupenda. Ukuta wa udongo wakati wa mvua hausubiri umalize msukumo wako.

Na kama nyumbani hakuna telefone, au iko moja na baba ameondoka nayo? Hapo kuna mchezo ambao vijana wetu wa kwaya waliubuni kutoka 2048, na mimi naona umeupita ule wa telefone. Chora chini mraba wa vyumba 16. Tafuta mifuniko ya chupa, andika juu yake kwa biki: 2 kumi na sita, 4 kumi, 8 nane, 16 sita, 32 nne, 64 mbili, na 128 moja. Mchezaji wa kwanza anasukuma mifuniko kama telefone inavyofanya, yote upande mmoja, na inayofanana anaibadilisha kwa mmoja mkubwa. Wa pili ndiye anayeweka 2 mpya kila mara, mahali popote palipo wazi, lakini yeye anachagua! Kazi yake ni kukuharibia. Telefone inaweka bila kufikiri. Mtu anaweka pale panapouma. Lengo ni 128 tu, halafu mnabadilishana, na aliyefika mbali ndiye mshindi.

Usidhani 128 ni kidogo. Siku ya kwanza kijana mmoja mrefu, ambaye katika telefone anafikia 2048 akiwa amefumba jicho moja, alikwama kwenye 32. Aliyekuwa akimwekea mifuniko ni dada yake wa miaka tisa, na mtoto yule hana huruma hata kidogo.